Donge la Mfukoni

Lincoln Heights, Los Angeles
Ijumaa, 27 Septemba 1946

Mdogo wangu Ersilia,

Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Mimi siulizi, nimeona picha yako gazetini na mashavu yamejaa. Ningekupigia simu, ila ile simu ya dukani kwa Bi. Palmira ina masikio ya mtaa mzima, na haya ninayotaka kukwambia si ya mtaa mzima.

Tumetolewa nje. Wapaka rangi na maseremala walikataa kugusa mandhari za filamu zilizojengwa na watu wa kuletwa, wakaambiwa washike njia, na sisi mafundi jasi tukatoka nao. Nilikuwa namimina malaika wa kanisa la ile filamu ya vita. Jasi imeshaingia kwenye kalibu, donge la jasi la kupimia kama imeganda liko kwenye ngumi yangu ya kulia, linaanza kupata moto. Unakumbuka Baba: likipata moto ngoja, likipoa fungua. Basi lilipopoa mimi nilikuwa nje ya lango, na askari wa kampuni kasimama kati yangu na malaika wangu. Nadhani yumo humo mpaka leo, kaganda. Donge ninalo mfukoni mwa koti. Nikisimama langoni na baridi ya asubuhi nalikamata, vidole vinarudi kwenye mashimo yake.

Sasa nisikilize. Nasikia waigizaji wamepiga kura waendelee na kazi, mgomo au hakuna mgomo. Sitaki kujua wewe ulipigaje. Nakuomba jambo moja tu, usipite kwenye lango letu. Wenzangu wanajua wewe ni nani kwangu. Ukipita, sijui nitauweka wapi uso wangu.

Mama anasema uvae sweta.

Kaka yako,
Settimio


Beachwood, Hollywood
1 Oktoba 1946

Kaka Settimio,

Barua yako imenikuta na kikohozi. Mwandiko wako unazidi kuharibika, na usikisingizie kile kidole cha pete kilichokatwa na msumeno, maana kabla hakijakatwa ulikuwa unaandika hivi hivi.

Ondoa wasiwasi. Sijaitwa kazini. Tunapima mavazi tu, tena nyumbani kwa fundi, mbali na lango lolote.

Lakini na wewe nielewe. Bwana Kettering, mwongozaji mwenye sanamu mbili za tuzo mezani kwake, amenichagua mimi. Miaka yote hii nimekuwa dada wa bibi harusi, nimekuwa mjakazi, nimekuwa mjane anayekufa kabla watu hawajamaliza bisi zao. Sasa jina langu litakaa juu ya jina la filamu. Nina miaka thelathini na minne, na katika mji huu mwanamke wa umri huo hupunguziwa, haongezewi. Nikikataa kwenda wananisimamisha bila mshahara na nafasi anapewa mwingine siku hiyo hiyo. Yupo msichana wa miaka ishirini na miwili ambaye nguo zangu zinamtosha. Najua kwa sababu nimemwona akizijaribu.

Kuna jambo jingine. Akademia ya filamu imeandika kwamba sisi tuliotunukiwa wakati wa vita tukapewa sanamu za jasi, kwa kuwa shaba ilikuwa imekwenda vitani, tuzirudishe tupewe za chuma zenye dhahabu. Yangu iko kabatini kwa Mama, katikati ya Mtakatifu Antonio na Mtakatifu Zita. Mara ya mwisho nilikuta ameiwashia mshumaa. Ifunge vizuri unitumie, kaka yangu.

Kampuni imeandika gazetini kwamba mimi ni binti wa mchungaji wa Kiprotestanti wa Vermont. Mwambie Mama asome akiwa ameketi.

Wako,
Ersilia


Lincoln Heights
Jumatano, 9 Oktoba 1946

Ersilia,

Sanamu siitumi. Usiniambie habari za dhahabu.

Baba alikuja nchi hii na watakatifu wa jasi kichwani, kwenye ubao, toka milima ya Lucca, Italia. Aliuza barabara kwa barabara mpaka akapata chumba hiki tulimozaliwa. Usiku ule uliposhinda, ukumbi umejaa wanajeshi, ukaja hapa na gauni lako na ile sanamu mkononi, niliigonga kwa ukucha na kukwambia imemiminwa vibaya, ina mapovu tumboni. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mama akaiweka pale pale walipo watakatifu wa Baba. Duniani kote hakuna familia iliyostahili tuzo ya jasi kuliko yetu, na wewe unaitaka ya chuma.

Huku langoni mambo yamechafuka. Watu wao sasa wanaletwa kwa mabasi, mapazia yamefungwa, na waliomo wanalala kifudifudi sakafuni ili wasionekane. Watu wazima, Ersilia, wenye majina makubwa, wamelala chini kama magunia ya viazi. Jumatatu basi lilipita kwa kasi, likamkwangua mzee Dahlgren wa maseremala mguuni, akaanguka. Watu wakashikwa na wazimu. Vitu vikarushwa, kioo kikavunjika. Wanasema kuna mwigizaji wa kike ameumia. Mimi sikuona vizuri, nilikuwa nyuma.

Nashukuru Mungu una kikohozi. Kwa sababu nakwambia waziwazi, yeyote aliyelala kwenye sakafu ya basi lile, hata angekuwa wa tumbo moja na mimi, si ndugu yangu tena.

Settimio


Beachwood
12 Oktoba 1946

Kaka,

Yaishe ya sanamu. Nilikuwa naomba tu.

Naandika nikiwa kitandani. Nimeteleza bafuni, nikajipiga kwenye ukingo wa sinki, juu ya jicho la kushoto. Daktari ameshona. Si jambo la kumpeleka Mama kanisani, usimwambie. Bwana Kettering amekuja kunitazama, akanishika kidevu akanigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, akasema watanipiga picha upande wa kulia mpaka lipone. Hakuniuliza kama linauma.

Mzee Dahlgren anaendeleaje? Na wewe huwa unasimama upande gani wa lango? Usisimame mbele. Askari wanasema wataanza kukamata.

Lile donge la malaika bado unalo mfukoni?

Ersilia


Lincoln Heights
17 Oktoba 1946

Mwanangu Ersilia,

Naandika mwenyewe. Usiangalie herufi.

Kaka yako wamemkamata jana pamoja na wenzake wanne. Wako mahabusu ya kaunti. Polisi wanamtaka aliyerusha kitu kwenye basi kikamchana mwigizaji. Wanasema hao watano ndio walikuwa karibu na dirisha lililovunjika. Wakili wa chama anasema akipatikana aliyefanya atakula miaka. Nimepeleka supu ya maharage, imerudishwa, wanasema hataki kula.

Nimefua koti lake. Mfukoni nimekuta unga mweupe tu, donge halimo. Nimeliuliza koti, halikunijibu.

Na wewe nasikia umeanguka bafuni. Alinisomea barua yako, hawezi kunificha kitu. Mimi nimekuzaa, Ersilia. Wewe huangukii bafuni. Wewe ukianguka unaangukia mbele za watu.

Nina watoto wawili tu. Usiniandikie uongo, macho yangu hayana nguvu ya kuusoma.

Mama


Beachwood
19 Oktoba 1946

Mama,

Kaa chini, tena usisome mbele ya Bi. Palmira.

Nilikuwa kwenye basi. Nilipomwandikia Settimio kwamba sijaitwa, karatasi ya kuitwa ilikuwa imelala karibu na wino. Jumatatu ile walituchukua kwenye uwanja wa kuegesha magari, wakafunga mapazia, kijana mmoja wa ofisini akatuambia tulale chini. Nililala nyuma ya mama mmoja mzee anayeigiza mabibi vikongwe. Alikuwa anasali. Nje nilisikia sauti za watu ninaowajua, Mama, watu waliokula mezani kwetu. Nilibana pumzi wasinisikie. Basi likaruka kitu, nikainua kichwa, kioo kikapasuka, nikahisi damu ya moto machoni, na kitu kizito kikadondoka karibu na mkono wangu.

Nilikiokota kabla sijajua naokota nini. Ni donge la jasi la kupimia, lenye alama za ngumi. Vidole vitatu vimezama vizuri, na cha pete kimeishia nusu.

Nikalitia kwenye mkoba. Waliponiuliza nimepigwa na nini nikasema jiwe, limeviringika limepotea. Sasa liko kwenye droo ya soksi zangu na kila nikisikia gari linapanda kilima nadhani wamelifuata.

Kampuni inataka niende polisi nikatazame wale watu watano. Wakili wao ameniambia ananitaka nimwonyeshe mmoja, yeyote yule, ili magazeti yaandike kwamba wagomaji ni wahuni. Nikimwonyesha mmoja, kamera zinaanza Jumanne ya tarehe 29 na mimi ndani. Nisipomwonyesha, Bwana Kettering anasema haongozi mwigizaji asiyeweza kutegemewa. Hawajui kwamba mmoja wao ni kaka yangu. Binti wa mchungaji wa Vermont hana kaka fundi jasi. Wanawake wawili wa ofisini walitunga maisha yangu kabla ya chakula cha mchana, na sasa ndiyo yanayonificha.

Naogopa, Mama. Silali. Kuna saa nalitoa donge nalitazama na kusema kesho nitalivunja kwa nyundo. Kuna saa nasema kanipiga usoni, uso ndio mkate wangu, acha naye aonje. Ndiyo, nimesema hivyo, mimi niliyemshonea vifungo. Halafu nakumbuka kwamba yeye alinionya nisipite.

Usimwambie kitu. Niambie nifanye nini.

Ersilia


Mahabusu ya Kaunti
Jumatano, 23 Oktoba 1946

Mdogo wangu,

Hii anatoka nayo mtu anayeachiwa leo, kaificha kwenye kiatu, kwa hiyo uniwie radhi kwa harufu. Haitasomwa na askari.

Nilikudanganya. Sikuwa nyuma. Nilikuwa mbele kabisa. Nilipomwona mzee Dahlgren chini, mkono uliingia mfukoni wenyewe ukatoka na donge. Nililenga kioo, Ersilia. Nilitaka tu wasikie kitu, wao waliojificha chini. Naapa kwa mtakatifu wa mwisho wa Baba. Tangu siku ile kila chakula kinanikwama kooni.

Magazeti hayamtaji huyo mwanamke. Nakaa humu namfikiria. Labda ana watoto. Labda uso umeharibika na kampuni imemtupa. Wewe unawajua wote, ulizia. Ukimpata mwambie aliyempiga si mhuni, ni fundi mwenye hasira, na anamwomba radhi akiwa amepiga magoti. Usitaje jina langu kabla ya Jumatatu.

Jumatatu tunapelekwa kwa hakimu, na nimeamua nitasema ni mimi. Kati yetu yumo baba wa mapacha, mtu ambaye hakurusha hata tusi. Siwezi kumtazama machoni wakati wa uji.

Utunze uso wako. Wewe kuanguka bafuni wiki hiyo hiyo, kweli balaa haliji peke yake. Na ile sanamu ichukue, nimekosea kukunyima. Mama atakuletea. Dhahabu ni haki yako.

Settimio


Beachwood
Ijumaa, 25 Oktoba 1946

Kaka Settimio,

Naandika kwa lugha ya Baba, ile ya mlimani. Askari anayesoma barua akiweza kuielewa basi na yeye ni ndugu yetu, nimpe pole ya kazi.

Yule mwanamke nimempata. Salamu zako nimemfikishia, na magoti yako pia. Hana watoto. Ana mshono juu ya jicho na hasira nyingi, na hasira hiyo haitaisha kwa sababu tu umepiga magoti. Leo asubuhi walimpeleka kituoni. Wakamkalisha gizani kwenye kiti, na mbele yake wakawasimamisha mafundi watano kwenye taa kali, hawawezi kumwona. Maisha yake yote yeye ndiye husimama kwenye taa na mafundi wakawa gizani. Mmoja wao alikuwa na ndevu za siku nyingi, amekonda, anatazama viatu vyake. Mikono ameificha nyuma, wakamwambia ailete mbele.

Mwanamke huyo ni mimi, kaka. Nilikuwa nimelala sakafuni.

Wakili wa kampuni aliniinamia sikioni, akasema chagua mmoja, wa kulia anafaa. Wa kulia ulikuwa wewe. Nikawatazama wote toka mwanzo wa mstari hadi mwisho, polepole kama Bwana Kettering anavyopenda, halafu nikasema katika hao simjui hata mmoja. Polisi akauliza una hakika, na huyu wa kulia? Nikakutazama tena. Nikasema huyu sijawahi kumwona maishani mwangu. Sauti haikutetemeka. Settimio, sijawahi kuigiza vizuri hivyo na sitaigiza tena.

Nimeandika na kusaini kwamba mtu aliyelala kifudifudi haoni aliyerusha. Bila mimi hawana kesi. Kwa hiyo Jumatatu funga mdomo. Ukisimama na ushujaa wako utakuwa umenipiga mara mbili. Utalipishwa faini ya kuziba barabara kama wenzako na utakwenda nyumbani.

Kampuni imenisimamisha mchana huu huu. Yule msichana ameshapewa nguo. Sikufichi, nimelia, nimelia kuliko siku ya basi. Sijui kama watanirudisha, na nikirudi sijui kama itakuwa zaidi ya dada wa bibi harusi.

Mama alikuja jana kwa gari la umeme la relini, amepakata sanamu kwenye shuka. Nilidhani ataniambia la kufanya. Alilitazama jicho langu, akalitazama donge, akauliza kama kuna vitunguu, akapika. Kuhusu sanamu usinune, nimeibadilisha. Nimeichukua ya dhahabu. Mtu asiye na kazi na awe na kitu kimoja kisichovunjika.

Pale kabatini pamebaki nafasi. Nimempa Mama donge, amelikalisha hapo, kati ya Antonio na Zita. Mgeni akiuliza, anasema ni kazi ya mwanawe.

Ulisema aliyelala kwenye sakafu ile si ndugu yako. Ningependa unijibu hilo ukishafika nyumbani.

Ersilia


Lincoln Heights
Jumatano, 30 Oktoba 1946

Ersilia,

Nimefunga mdomo kama ulivyosema. Baba wa mapacha amekwenda kwake. Mimi nimefika kwa Mama, nimekula, na chakula kimepita.

Nilikaa mbele ya kabati muda mrefu. Kuna tone la damu yako kwenye shimo la kidole cha shahada, limekuwa la kahawia. Nilitaka kulikamata donge nikashindwa. Mama akaja nyuma yangu, akaushika mkono wangu kwa nguvu kama tulipokuwa wadogo, akauweka kwenye mashimo yake. Umeenea.

Nadhani nilijua tangu ile barua ya bafuni. Nilijua, nikajifanya sijui, maana mtu akijua hawezi kulala. Nilisema aliyelala kwenye basi lile si ndugu yangu. Sina haki ya kumfuta mtu undugu, na mwenye haki hiyo sasa ni wewe. Ukiamua kuitumia sitabisha.

Kesho narudi langoni, mgomo haujaisha, nitakuwa mikono mitupu. Jumapili Mama anakanda tambi na ameweka sahani tatu.

Ukija, jicho usilipake poda. Nataka kuliona.

Settimio